Baada ya Kusema Kata

Upepo wa Fleetwood, mji wa pwani ya Uingereza, hauvumi, unapekua. Mwaka mmoja ulimvua kasisi kofia ukamvisha mbwa wa muuza magazeti, na walioshuhudia wanasema mbwa ndiye aliyependeza zaidi mbele za Mungu. Kwa hiyo Beverley Sugden alipotoka nyumbani jioni ile kwenda chuoni kwa bintiye, alikuwa amezifunga nywele kitambaa, mafundo mawili, na juu ya kitambaa kofia ya koti. Nywele zile zilitengenezwa saluni mchana wake, na saluni si sadaka.

Alikuwa na haki ya kujipamba. Binti yake Keeley, wa miaka kumi na saba, alikuwa ametengeneza video ya muziki kwa ajili ya mtihani wake wa masomo ya vyombo vya habari, na nyota wa video hiyo alikuwa Bev mwenyewe. Wimbo ulikuwa wa kijana mmoja wa mtaa wa nyuma, unaomhusu mwimbaji wa klabu ambaye taa zikizimwa hakuna anayemkumbuka. Bev aliazima gauni la vimetameta, akasimama kwenye jukwaa la klabu ya wafanyakazi, akawa anafuatisha wimbo kwa midomo huku moyoni akijiona yuko mbali sana na minofu ya samaki anayoikata kiwandani kila siku. Keeley alikuwa akisema "Anza!" Bev anaimba bila sauti. Keeley akisema "Kata!" Bev anajitupa kwenye kreti la bia na kuomba chai.

Kiwandani hakubaki asiyejua habari hiyo. Hata samaki walijua.

Ukumbini alikaa safu ya mbele. Kushoto kwake alikaa baba yake, Norman, aliyekubali kuja kwa sababu aliambiwa kutakuwa na biskuti. Kulia alikaa Lorraine, jirani yake wa meza ya kukatia minofu. Na kule nyuma, amevaa tai, alikaa Trevor Gledhill, dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo kiwandani, mjane mwenye haya, ambaye tangu Krismasi alikuwa akimsindikiza Bev mpaka kituo cha tramu na bado hajapata ujasiri wa kumshika mkono.

"Ameoga," Lorraine alinong'ona. "Bev, huyu mtu ameoga kwa ajili yako."

"Nyamaza wewe. Inaanza."

Mwalimu, Bwana Akhtar, alieleza utaratibu. Kila mwanafunzi angeonyesha video yake, kisha angeitathmini kwa nadharia walizosoma, halafu watazamaji wangesema walichokiona, na maneno yao yangeingia kwenye tathmini. Taa zikazimwa.

Picha ya kwanza ilimwonyesha Bev kwenye kreti, viatu kando, anasugua kisigino. Bev halisi akatabasamu na kungoja sehemu ya kuimba. Ikaja picha ya Bev akipuliza chai. Ikaja Bev akijikuna chini ya zipu ya gauni. Wimbo ukafika kiitikio, na pale jukwaani palionekana kipaza sauti tu, hakuna mtu. Bev akaanza kuelewa. Katika video nzima hapakuwa na picha hata moja ya yeye akiimba. Zote zilipigwa baada ya "Kata."

Halafu ikaja picha ya mwisho. Bev wa kwenye skrini alitupa jicho huku na huku, akatia kidole kinywani, akachomoa meno yake manne ya mbele, akayaweka kwenye kisahani. Alisugua fizi kwa gumba. Kisha kitu fulani kikamgusa, akaangua kicheko, kinywa wazi, pengo zima mbele ya dunia. Kamera ikakaa hapo. Ikakaa mpaka wimbo ukaisha.

Hakuna aliyekuwa anajua habari za yale meno. Mjini pale, mwenye bahati ya kuandikishwa kwa daktari wa meno wa serikali hasemi hadharani, asije akaibiwa nafasi. Na daktari wa binafsi anataka bei ya gari kuukuu. Fizi za Bev zilipoanza kuoza aling'olewa meno manne, akapewa ya bandia ya bei rahisi, na tangu hapo alikula mkate wake wa mapumziko akiwa ameelekea ukutani.

Mtu mmoja katikati ya ukumbi alicheka. Si kwa ubaya, ila alicheka.

Keeley alikuwa ameshasimama pembeni ya skrini, anasoma kwa sauti inayotetemeka kwa furaha. "Katika video nyingi za muziki mwanamke huwekwa ili atazamwe. Kamera humpanda kuanzia viatuni, uso unakuja mwisho kama nyongeza. Nadharia inauita huu mtazamo wa kiume. Mimi nimeukataa. Nimemwonyesha mwanamke wakati hajipambi kwa ajili ya mtu yeyote. Picha ya mwisho ni ishara ya upweke, ya mtu aliyesahauliwa, ambaye..."

Alisikia kiti kikigonga sakafu. Mama yake alikuwa anatoka, kitambaa cha nywele mkononi. Hakukifunga. Nje upepo ulizichukua zile nywele za saluni ukazifanya ulivyotaka.

Norman alibaki, akanyoosha mkono kwenye sahani ya biskuti. "Amesahau koti," alisema. "Na hizi biskuti ni za jana."

*

Keeley alimkuta mama yake jikoni, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Mama."

"Uliniambia umekata."

"Nilikata kuigiza. Kamera nili..."

"Uliiacha. Siku zote uliiacha."

"Ulikuwa mzuri zaidi pale, mama. Kweli kabisa. Ukiimba unakuwa kama mtu mwingine."

"Ndicho nilichotaka! Kuwa mtu mwingine, siku moja, mbele ya watu. Mimi wa kila siku wananiona kila siku." Kiazi kikaanguka kwenye beseni. "Na meno, Keeley. Trevor alikuwepo."

"Sikutaka watu wakutazame vile wanavyotazama wanawake kwenye video."

"Kwa hiyo, ili wanaume wasinichungulie, ukaamua unichungulie wewe."

Keeley aliokota kiazi kutoka kwenye beseni.

Norman aliingia, upepo umemfuata mpaka mlangoni. "Mnagombania meno? Yangu yote yanalala kwenye gilasi miaka na miaka, hakuna aliyenitengenezea filamu."

"Baba, nenda ukalale."

"Saa mbili hii?"

"Nenda ukalale!"

Akaenda, ila alikaa kwenye ngazi, ambapo husikika vizuri zaidi.

"Kwa nini hukuniuliza?" Bev alisema.

"Ungesema hapana."

"Ndiyo maana ya kuulizwa, mwanangu." Alifuta mikono. "Nitoe humo. Mwambie mwalimu wako mimi simo."

"Mama, inatumwa kwa watahini Ijumaa. Nikikutoa sina video. Bila video sina alama, na bila alama chuo kikuu hawanichukui."

"Basi nawe utajua kuachwa nje kunakuwaje." Akapanda juu. Kwenye ngazi alimruka baba yake bila kumwangalia.

*

Asubuhi kiwandani Lorraine alijitahidi sana kutosema neno. Kwa Lorraine hiyo ni kazi ngumu kuliko kukata minofu, na ilipofika mapumziko jasho lilikuwa linamtoka.

"Niseme moja tu," aliomba.

"Moja."

"Mcheza filamu wetu, tusainie huyu samaki."

Meza nzima ikacheka, na Bev akacheka pia kidogo, midomo imefungwa. Utani wa mezani aliujua. Unauma mchana na jioni umekwisha. Alichokuwa akikihofia kilikuwa kinamngoja mlangoni pa chumba cha barafu, kimevua kofia.

"Bev," alisema Trevor. "Jana nililia."

"Kwa nini?"

"Ile ya mwisho. Pale unapo... Iliniingia. Nikajisemea, maskini, kumbe anabeba mzigo mkubwa hivi peke yake."

Bev alimtazama. Maskini. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, amejiandaa hata kwa Trevor kumkwepa. Kwa neno lile hakujiandaa.

"Trevor, pale nilikuwa nacheka."

"Niliona, lakini cheko la uchungu..."

"Uchungu gani? Baba alikuwa amekuja kututazama, akapiga chafya. Meno yake yalimtoka, yakaruka juu ya meza mbili, yakaangukia kwenye ngoma ya bendi. Pwaa! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma."

Trevor aliifikiria picha hiyo kwa utaratibu, kama mtu anayepanga kreti. "Kwa hiyo nililia bure."

"Ulilia bure."

"Na yale yako... unaweza kula tufaha?"

"Nikilikata."

"Mimi huwa na kisu," alisema Trevor, akarudi kwenye foklifti yake masikio yamemwiva.

Bev alibaki pale na baridi ya mlango ikimpiga magoti. Aliyemfanya Trevor aone upweke hakuwa Trevor. Kuna mtu aliondoa sauti ya chafya, akaweka wimbo mahali pake.

*

Bwana Akhtar alikuwa mwalimu mwenye huruma, ugonjwa ambao kwenye kazi ile hauna dawa. Alimsikiliza Keeley mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kanuni ni hiyo, Keeley. Mtu anayeonekana lazima akubali, na lazima nimsikie mwenyewe kwa masikio yangu. Kosa langu ni kwamba nilidhani mama mzazi haulizwi."

"Ninazo picha akiimba. Nitahariri upya."

Alihariri mchana kutwa kwenye chumba cha kompyuta. Alipomaliza, Bwana Akhtar alitazama, akakohoa.

"Nzuri," alisema.

"Mwalimu."

"Inafanana na tangazo la mapazia."

"Najua."

"Ile ya kwanza ingekupa daraja la juu kabisa. Hii..." Alipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Lakini ile si yako kuituma. Nadharia tuliyosoma inasema aliyetengeneza hufunga maana kama kifurushi, na anayepokea anaweza kukikubali, kukikubali nusu, au kukirudisha. Mama yako amekirudisha. Andika hilo kwenye tathmini, lina alama zake."

"Kila kitu kina alama zake kwako, mwalimu," alisema Keeley, akachukua laptopu na kuondoka. Bwana Akhtar hakumwita. Aliona amestahili kuambiwa hivyo.

*

Jioni nyumbani walikula chipsi na rojo bila kusemezana, mpaka Norman akatangaza kwamba kwenye mazishi ya bibi yake Keeley kulichangamka kuliko pale. Keeley alisukuma sahani, akaweka laptopu mezani.

"Nimekutoa kwenye ile, mama. Hii ndiyo mpya. Umo kama ulivyotaka."

Bev alivuta kiti. Kwenye kioo cha laptopu akatokea mwanamke wa vimetameta, wanja mpaka kwenye masikio, mkono mmoja hewani. Midomo ilikuwa nyuma ya wimbo kwa unywele, kama mtu anayekimbilia tramu iliyokwisha kuondoka. Alitabasamu kwa midomo iliyobanwa. Alizunguka. Akatabasamu tena.

"Nani huyu?" Norman aliuliza.

"Ni mimi, baba."

"Anafanana na mti wa Krismasi uliosahaulika mpaka Pasaka."

Keeley alifunga macho kungoja dhoruba. Haikuja. Bev aliitazama mpaka mwisho, akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Alikuwa ameibeba picha hiyo kichwani wiki nyingi, na kichwani ilikuwa inapendeza mno.

"Nakumbuka nilivyojisikia pale," alisema. "Mbona haimo?"

"Haikuingia, mama."

"Na ile ya kreti iliingia."

"Ndiyo."

Bev alisimama, akasogea karibu na jokofu. Kisha: "Pale mwisho. Ulijua nacheka nini?"

Keeley alitazama rojo likiganda. "Nilijua. Meno ya babu."

"Yaliharibika kidogo," Norman alisema. "Kona hii."

"Ulijua, ukawaambia watu ni upweke."

"Wimbo unahusu upweke! Picha ilikubali, mama. Nilipoondoa sauti, ilikubali kabisa. Nikafurahi. Sikufikiria kwamba..." Alianza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, pua kwanza. "Nilikuwa nakutazama kwenye kioo kila siku, nakata, naunganisha. Nikasahau kwamba uko chumba cha pili. Nikiwa na kiu nilikuwa nakuita uniletee chai, halafu narudi kukutazama. Trevor asipokusindikiza tena ni kwa ajili yangu. Sitaki hata chuo kikuu."

Alilia. Alifuta pua kwa mkono wa sweta, akaufuta mkono kwenye suruali, akashika unywele na kuutafuna. Kisha akainua kichwa.

Mama yake alikuwa amesimama karibu na jokofu, kamera ya bintiye mkononi, na taa nyekundu inawaka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia kama inafanya kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu 'nilijua.'"

"Izime! Nina makamasi!"

"Unayo," Bev alikubali. Hakuizima. Alisogea hatua moja, uso wa bintiye ukaijaza picha. "Nisikilize, Keeley wetu. Rudisha ile yako, yote, na meno. Nimeitazama kichwani mchana kutwa, na mwanamke yule anayecheka simchukii. Lakini baada yake weka hii. Wakiniona mimi, wamwone na aliyekuwa ananitazama."

"Haiwezekani. Kila picha lazima nipige mwenyewe. Nikiweka ya mtu mwingine wananikata alama."

"Basi wakukate."

"Naweza nisiseme ni nani aliyepiga."

Bev aliishusha kamera kwa mara ya kwanza. "Tumetoka wapi, mwanangu? Si hapohapo kwenye kutosema?"

Norman alichukua chipsi kwenye sahani ya Keeley. "Sema tu," alimshauri. "Ukiongopa katika nyumba hii, mimi husikia kutoka kwenye ngazi."

*

Ijumaa, saa sita mchana, Bwana Akhtar aliwakalisha Keeley na mama yake ofisini kwake, chumba ambacho kilikuwa stoo ya mifagio na bado kina harufu yake. Aliigeuza kompyuta ili wote waone.

Kreti. Chai. Zipu. Kipaza sauti bila mtu. Kisha meno kwenye kisahani, gumba kwenye fizi, na kicheko. Na wimbo ulipokuwa unakaribia kufa, picha ilikatika, akatokea msichana jikoni, macho yamevimba, anatafuna nywele, anaona kamera na kushtuka. Giza.

Bwana Akhtar aliirudisha sehemu ile ya mwisho. Kicheko, msichana. Kicheko, msichana.

"Sasa anaonekana anakucheka wewe," alisema.

"Ndiyo," alisema Keeley. "Nimeandika kwenye tathmini. Mara ya kwanza niliichukua furaha yake nikaiita upweke. Sasa nimeona picha haina maana yake peke yake. Inaipata kwa jirani yake. Na nimeandika kwamba hiyo ya mwisho alipiga mama, na kwamba sikujua."

"Unajua kanuni."

"Najua."

"Daraja la juu kabisa limekwenda. Chuo kikuu wakikupokea kwa daraja la pili, shukuru. Wasipokupokea, mimi sina la kufanya."

"Najua, mwalimu."

Mwalimu akamgeukia Bev. "Bibi Sugden, lazima nikusikie mwenyewe. Unakubali ionyeshwe ulivyo humo?"

Bev alikuwa amevaa sare ya kiwandani, zamu yake ilikuwa saa nane. Alijiweka sawa kitini. "Nakubali," alisema. "Sasa muulize na yeye. Naye yumo."

Bwana Akhtar alisita, kisha akaona ni kweli. "Keeley, unakubali?"

Kwenye kompyuta picha ilikuwa imesimama mahali pabaya kuliko pote, jicho moja limefumba, na chini ya pua panang'aa. Keeley alijua wangeitazama watahini asiowajua, mezani, na kikombe cha kahawa mkononi.

"Nipe dakika moja," alisema.

"Chukua hata tano," alisema mama yake. "Mimi sikupewa hata hiyo moja."

Alisema bila ukali. Keeley alichukua dakika yake, akaitumia yote, akitazama. Kisha akasema, "Nakubali. Itume," na Bwana Akhtar akabonyeza.

Bev alisimama, akafunga kitambaa. Akafika mlangoni, akarudi.

"Mwalimu, hizo alama mnazomkata. Ni kwa sababu nimepiga vibaya, au kwa sababu nimepiga mimi?"

"Kwa sababu umepiga wewe, Bibi Sugden. Kanuni tu."

"Picha yenyewe je?"

Bwana Akhtar aliitazama tena, kama mtu anayepima neno kabla ya kulitoa. "Picha yenyewe ni nzuri sana. Ndiyo nzuri kuliko zote humo."

Bev alimgeukia bintiye. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kuliko zote," alisema Bev, akaenda zake kukata samaki.